Gauni la Binti kwa Mita Moja ya Kitambaa

Mwaka unapokaribia kwisha, mzazi wa Kenya aliye na binti mdogo hupatwa na gharama mbili za nguo kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni gauni la sikukuu, maana hakuna mtoto apendaye kwenda kumwamkia nyanya yake siku ya Krismasi hali gauni lake limepasuka kwapani. Ya pili ni sare ya shule, ambayo hutakiwa shule zifunguliwapo Januari, na hiyo haina subira. Katika nyumba nyingi fedha zilizopo zatosha gharama moja tu, na ndipo mama huanza kuzunguka sokoni akiuliza bei na kurudi nyumbani mikono mitupu.

Katika gharama hizo mbili, sare ndiyo isiyofaa kupunguzwa. Mwaka 2003 Serikali ya Rais Mwai Kibaki iliondoa karo katika shule za msingi, na watoto wengi sana waliokuwa wakikaa nyumbani wakaingia madarasani. Lakini sare ilibaki kuwa mzigo wa mzazi, na mzigo huo si mdogo kama wadhanivyo watu wenye mishahara. Kuanzia mwaka huo huo wa 2003 ulifanyika uchunguzi katika shule 328 za magharibi ya Kenya. Katika baadhi ya shule hizo wanafunzi wa darasa la sita walipewa sare bila malipo, na wale waliodumu shuleni wakapewa sare ya pili baadaye. Bei ya sare moja ilikuwa kama dola 6 za Marekani. Baada ya miaka mitatu ilionekana kwamba wasichana walioacha shule walikuwa wamepungua kutoka 19 hivi hadi 16 katika kila mia, na waliopata mimba wamepungua kutoka 16 hadi 13. Wataalamu waliouandika uchunguzi huo, Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer, waliutangaza mwaka 2015. Kwa hiyo kitambaa kilichoshonwa vizuri chaweza kumweka msichana darasani, na kukikosa kwaweza kumwondoa.

Basi ikiwa sare haiguswi, yapasa gharama ya gauni la sikukuu na la kuchezea ndiyo ipunguzwe. Wengi watajibu upesi kwamba mitumba ipo. Ni kweli, na haifai kuwadharau wanaoinunua. Tangu biashara hiyo ilipofunguliwa mapema katika miaka ya 1990, soko kama Gikomba la Nairobi limewavika watoto wengi kuliko fundi yeyote, na mama mwenye jicho zuri aweza kupata humo gauni imara kwa bei ambayo duka la vitambaa haliwezi kushindana nayo. Lakini mtumba una kasoro zake. Umeshonwa kwa kipimo cha mtoto mwingine, pindo lake la chini ni jembamba kiasi kwamba haliwezi kufumuliwa likarefushwa, na mara nyingi zipu yake imekwisha choka. Hununuliwa leo, na baada ya mwaka mmoja magoti ya mtoto yako nje. Gauni lililokatwa nyumbani kwa akili laweza kuvaliwa miaka mitatu na mtoto yule yule, kisha likamrithi mdogo wake. Hesabu ya bei yafaa ifanywe hivyo, kwa miaka, si kwa siku ya kununua.

Gauni linalofaa zaidi kwa mama asiye fundi ni lile lisilo na mikono, lisilo na kola, lisilo na vifungo wala zipu. Ni kitambaa kilichonyooka kutoka juu hadi chini, chenye utepe unaopita shingoni na kufungwa juu ya mabega. Huko Marekani lajulikana kama gauni la foronya, kwa kuwa wanawake wa huko huchukua foronya nzima ya mto, wakakata upande uliofungwa, wakatoboa makwapa, wakapitisha utepe, na kazi ikawa imekwisha. Mwaka 2008, katika jimbo la Michigan, kilianzishwa chama kiitwacho Little Dresses for Africa ambacho washonaji wake wamekuwa wakituma magauni ya namna hiyo kwa wasichana wa nchi nyingi za Afrika. Nia yao ni njema. Hata hivyo gauni ambalo mtu hulishona kwa muda wa adhuhuri moja halina haja ya kuvuka bahari, ikiwa mama wa mtoto mwenyewe ana mkasi, sindano na mita moja ya kitambaa.

Kwa nguo ya kuchezea hakuna kitambaa kishindacho pamba. Hunyonya jasho, hustahimili kufuliwa kwa kusuguliwa, na sindano hupita ndani yake bila kuteleza. Vitambaa vinavyong'aa, ambavyo wauzaji huvitundika mlangoni mwezi wa Desemba, vyapendeza macho lakini humtesa mshonaji anayeanza: vyateleza chini ya mkasi, nyuzi zake hufumuka kabla mshono haujaanza, na pasi ikizidi moto kidogo huacha tundu. Kitambaa cha maua madogo madogo ni bora kuliko cha milia, kwa sababu mshono uliopinda kidogo hauonekani katika maua, bali katika milia humshtaki mshonaji mbele ya kanisa zima.

Kabla ya kukata, kitambaa kiloweshwe maji usiku kucha, kianikwe, na kupigwa pasi. Hatua hii hurukwa na wengi, nao hujuta, kwani pamba mpya hurudi ikifuliwa, na gauni lililofika magotini siku ya sikukuu huwa limepanda juu ya magoti baada ya kufuliwa mara ya kwanza. Maji yakionekana yamejaa rangi, kitambaa kilowekwe tena peke yake mpaka maji yawe meupe. Vinginevyo mashati ya baba yatabadilika rangi.

Maduka ya siku hizi huuza kwa mita, lakini mafundi wengi wangali wakipima kwa inchi, na hapa vipimo vyatajwa kwa inchi. Na tuchukue mfano wa binti wa miaka sita, ambaye kifua chake ni kama inchi 24. Kitambaa chenye upana wa inchi 45 hukunjwa katikati, ukingo juu ya ukingo, kikawa na upana wa inchi 22 na nusu. Hukatwa urefu wa inchi 28. Hapo pana mbele na nyuma ya gauni kwa pamoja, na ubavu mmoja umekwisha ungana wenyewe kwa ule mkunjo, hata ubaki mshono mmoja tu wa ubavuni. Kutoka mita moja hubaki kipande cha inchi 11 kwa upana wote, nacho kisitupwe, kwa kuwa ndani yake mna tepe, mfuko, na vipande vya kuzungushia makwapa.

Makwapa hukatwa kitambaa kingali kimekunjwa. Katika pembe ya juu, kila upande, mama apime inchi 2 kuingia ndani na inchi 5 kushuka chini, kisha achore kwa chaki mstari unaoshuka na kupinda nje mfano wa herufi J. Afadhali kwanza achore umbo hilo katika karatasi ya gazeti, alikate, na kumwekea mtoto begani ili aone. Gazeti likikosewa hakuna hasara. Kigezo hicho kikisha kuwa sawa kihifadhiwe, kwa maana mwaka ujao kitatumika tena kwa kuongeza nusu inchi tu.

Mshono wa ubavuni ndio ambao wengi huuharibu kwa haraka. Ukishonwa mara moja tu na nyuzi zikaachwa wazi, utafumuka kabla ya Pasaka. Njia iliyo imara ni kuushona mara mbili: kwanza pande za ndani za kitambaa hugusanishwa, ukashonwa mshono mwembamba upande wa nje, kisha kingo hupunguzwa kwa mkasi, gauni likageuzwa, na kushonwa tena kwa ndani, hivi kwamba nyuzi zilizokatwa zafungiwa katikati zisionekane tena. Kwa cherehani ni kazi ya dakika chache. Asiye na cherehani aweza kuushona kwa mkono, sindano ikirudi nyuma nusu ya hatua kila ichomwapo, na mshono huo ukivutwa sawasawa hauachani hata mtoto apande mpera.

Makwapa huzungushiwa vipande vilivyokatwa mshazari, yaani kutoka pembe hadi pembe wala si kwa kufuata uzi. Kitambaa kilichokatwa mshazari hunyumbulika kikafuata pinde la kwapa bila kukunjamana, lakini kilichokatwa sawa na uzi husimama kama karatasi. Vipande hivyo vikiwa vifupi huungwa. Kisha ukingo wa juu, mbele na nyuma, hukunjwa robo inchi, ukakunjwa tena inchi moja na kushonwa, ili upatikane mfereji wa kupitishia utepe. Tepe mbili, kila moja yenye urefu wa inchi 36, hukatwa katika kile kipande kilichobaki, zikashonwa na kugeuzwa. Mmoja hupitishwa katika mfereji wa mbele na mwingine wa nyuma kwa msaada wa pini ya nepi, kitambaa kikavutwa mpaka ukingo ule wa inchi 18 ujikusanye kuwa inchi 7 hivi. Vikunjo vyake hujifanya marinda yenyewe, pasipo mama kuhesabu hata kimoja. Utepe na ushikizwe katikati kwa mishono michache, ama sivyo mtoto atauvuta wote katika mchezo na kurudi nyumbani na gauni mkononi.

Mfuko ni jambo la lazima. Wanaume hushonewa mifuko mitano bila kuomba, na msichana hushonewa gauni zuri lisilo na pahali pa kuweka hata kalamu. Kipande cha inchi 6 kwa 6, kikipindwa juu na kushonwa pande tatu upande wa mkono wa kulia, kitabeba leso ya pua, shilingi ya kutumwa dukani, na mengine ambayo mama atayagundua siku ya kufua.

Upindo wa chini ndio benki ya gauni hili. Uachwe inchi 3 kamili, wala mshonaji asishawishike kuupunguza ili gauni lionekane refu leo. Ushonwe kwa mkono, kwa mishono iliyolegea kidogo, ili ufumuliwe kwa urahisi. Mwenye kitambaa zaidi aweza kukunja kikunjo kimoja cha inchi moja kuzunguka gauni lote, kidogo juu ya upindo. Kikunjo hicho humeza inchi 2 za kitambaa na kwa macho ya watu huonekana kuwa pambo tu. Mtoto akirefuka hufumuliwa kikunjo kwanza, halafu upindo. Pale pa zamani patabaki mstari wenye rangi mbichi kuliko sehemu nyingine iliyopauka kwa jua, nao hufichwa kwa kushonea juu yake utepe wa rangi nyingine. Tena, kwa kuwa gauni lafungwa mabegani, mafundo ya utepe yakilegezwa lashuka inchi moja au mbili bila sindano kuguswa. Likisha kuwa fupi kabisa, huvaliwa juu ya sketi kama blauzi.

Upana wa chini nao una maana kwa mtoto. Gauni hili lina mzunguko wa inchi 43 hivi, na hizo zatosha kwa binti wa umri huo kuruka kamba, kukimbia na kupanda ngazi ya basi. Yako magauni ya dukani yaliyobanwa magotini kwa kuiga mavazi ya watu wazima. Mtoto aliyevaa hivyo husimama kando wenzake wakicheza.

Pwani ya Kenya, na popote leso zinapouzwa, mama aweza kufanya kazi hii kwa wepesi zaidi. Leso moja ina urefu wa kama sentimita 150 na kimo cha kama 110, na pindo lake la chini limekwisha pambwa kiwandani. Upande ule mrefu haufumuki, hata gauni halihitaji kupindwa chini. Huzungushwa mwilini mwa mtoto, kikapunguzwa kinachozidi, likawa na mshono mmoja tu mgongoni. Na sehemu ya juu iliyokatwa hutosha tepe na kigauni cha mdogo wake anayetambaa. Lakini kwa sababu leso hukatwa kwa kufuata pindo la chini, jina lake, yaani yale maneno yaliyoandikwa juu ya pindo, litasomeka mbele ya gauni karibu na magoti. Kwa hiyo mama alisome kwanza. Majina mengine ni ya dua na upendo, nayo yamfaa mtoto. Mengine ni ya kumrushia jirani au mke mwenza, na si haki kumtuma msichana wa miaka sita dukani akiwa amebeba ugomvi asioujua.

Wako watakaosema kwamba kushona ni kazi ya fundi. Kwa muda mrefu ilikuwa hivyo. Isaac Singer alipata hati ya cherehani yake huko Marekani mwaka 1851, na mashine zenye jina lake zilipoenea Afrika Mashariki zilikaa zaidi mikononi mwa mafundi wanaume. Katika miji mingi fundi alikaa na cherehani yake ya miguu barazani kwa duka la Mhindi. Kitambaa kilinunuliwa ndani, kikashonwa nje, na mama alingoja. Wasichana waliosoma katika shule za misheni walifundishwa kushona, lakini hao walikuwa wachache. Mwaka 1952 kilianzishwa chama cha Maendeleo ya Wanawake, na katika vikundi vyake vya vijijini kushona kulikuwa miongoni mwa mafunzo ya kwanza, pamoja na upishi na malezi ya watoto. Baadaye wengi walikilaumu chama hicho kwamba kilimfungia mwanamke nyumbani kwa uzi na sufuria, na lawama hiyo haikukosa ukweli. Lakini mwanamke aliyejifunza kushona humo hakungoja tena barazani, na wako waliotoka hapo wakashona kwa malipo.

Hata leo cherehani moja yaweza kuhudumia kikundi kizima cha wanawake. Wakiikusanyia fedha kidogo kidogo katika chama chao, na kila mmoja akapewa siku yake, magauni ya watoto wao wote yatakuwa tayari kabla ya shule kufungwa. Wakati huo ukifika mafundi wa sokoni huwa wameelemewa na sare, na ahadi zao hazishikiki. Mtu huambiwa Jumatatu, akaambiwa Alhamisi, akachukua gauni mkesha wa sikukuu likiwa halina vifungo.

Ujuzi huo huo waweza kuifikia hata sare yenyewe, pale shule inapokubali. Gauni la shule lisilo na mikono, livaliwalo juu ya shati, halitofautiani sana na hili: lina mabega ya kushonwa badala ya utepe, na mkanda kiunoni. Ziko shule ambazo huwaelekeza wazazi kwenye duka moja tu, na bei ya duka hilo huwa juu kuliko ya soko. Mzazi ana haki ya kuuliza katika mkutano wa wazazi kama rangi ikiwa ileile na kitambaa kikiwa kilekile kuna ubaya gani gauni likishonwa nyumbani. Aulize mapema, katika muhula wa tatu, wala si Januari mlangoni mwa shule mbele ya mtoto. Na akishona, aache upindo wa inchi 4, maana nguo ya shule huvaliwa siku tano za juma na ndiyo nguo ambayo mtoto huikulia haraka zaidi.

Gauni likisha kamilika, mtoto alivae, ainue mikono juu, achutame, kisha akimbie mpaka lango na kurudi. Kama utepe haukumkata shingoni na kwapa halikumwonyesha fulana, kazi imefaa. Vipande vilivyobaki chini ya meza apewe yeye, pamoja na sindano butu na uzi mrefu wa rangi inayoonekana. Mishono yake ya kwanza itakuwa mirefu na iliyopinda, na mwanasesere wake atavaa gauni lenye kwapa moja kubwa na jingine dogo. Aachwe alimalize mwenyewe.